Seva Iliyofungiwa Ndani ya Uzio Inapozimika na Kuacha Mafaili: Dalili na Vyanzo Vyake

Mwongozo huu unamlenga fundi anayetunza seva ya Linux katika ofisi ya kawaida ya Dar es Salaam, kwa mfano duka la jumla la Kariakoo ambalo programu zake za mauzo husoma idadi ya bidhaa kutoka katika huduma moja inayoendeshwa pamoja nazo kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma. Huduma hiyo tutaiita stoo. Inapoanza, ikiwa bado na mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, huandika namba yake ya mchakato katika faili /run/stoo.pid, hufungua soketi /run/stoo.sock, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuzungumza nayo, kisha hujiingiza ndani ya uzio: hubadili mzizi wa mfumo wa mafaili kwa chroot, huachia mamlaka na kubaki mtumiaji wa kawaida, na pengine hujiwekea kichujio cha miito ya mfumo. Hatua hizo ni za busara, kwa kuwa mdukuzi atakayefanikiwa kuingia humo hatakuta kitu cha maana cha kuchukua. Tatizo hujitokeza mwishoni, pale mchakato unapotaka kuyafuta mafaili uliyoyaunda kabla ya kujifungia, ilhali mamlaka uliyoyatumia kuyaunda haunayo tena.

Kabla ya kufuta chochote kwa mkono, tazama kwanza mchakato ulikufaje. Amri `systemctl status stoo` na `journalctl -u stoo` zitakuambia kama ulitoka wenyewe au uliuawa kwa ishara. Kwenye ganda la amri na kwenye makontena (vifungashio vya programu kama vya Docker) taarifa hiyo huja kama namba: 143 ni 128 kuongeza 15, yaani SIGTERM, 137 ni SIGKILL, na 159, kwenye kompyuta za kawaida, ni SIGSYS, ambayo karibu kila mara humaanisha kwamba kichujio cha miito ya mfumo kimekataa jambo. Namba 0 iliyofuatana na mafaili yaliyobaki ina maana kwamba usafi ulijaribiwa ukashindikana kimyakimya, au kwamba mwandishi wa programu hakuuweka kabisa. Fundi anayeruka hatua hii hujikuta akitibu chanzo kisichokuwepo.

Huduma inakataa kuanza na kusema "Address already in use"

Hii ndiyo dalili inayopigiwa simu mara nyingi zaidi, na mara nyingi hutafsiriwa vibaya. Watu waliozoea soketi za mtandao huenda moja kwa moja kutafuta mchakato mwingine unaoshikilia bandari, wasipouona huongeza SO_REUSEADDR, chaguo la kuruhusu anwani itumiwe tena, kwenye programu. Kwa soketi ya Unix chaguo hilo halisaidii lolote. Mwito wa bind, unaoipa soketi anwani yake, huunda jina ndani ya saraka, na jina hilo hubaki hata baada ya mchakato kufa, kwa sababu kerneli hufunga soketi yenyewe bila kugusa jina lake. Mchakato mpya unapoomba jina lilelile hupewa kosa la EADDRINUSE, hata kama hakuna anayesikiliza upande wa pili.

Ili kutambua soketi iliyokufa, endesha `ss -xlp` na utafute njia ya faili lako. Kama halimo katika orodha ya wanaosikiliza, jaribu kuunganika kwa `nc -U /run/stoo.sock`, jibu la "Connection refused" linaonyesha kwamba jina lipo na mwenyewe hayupo. Hapo waweza kulifuta na kuiwasha huduma upya.

Tiba ya kudumu ni huduma yenyewe kufanya usafi inapoanza badala ya kutegemea ule wa mwisho. Mwanzoni, kabla ya kuingia ndani ya uzio, mchakato una mamlaka yote unayoyahitaji, na njia za mafaili bado zinasomeka kama zilivyo. Mpangilio unaostahili ni huu: kwanza fungua faili la kufuli na ulishike kwa flock, mwito wa kulifunga faili ili mchakato mwingine usilishike; ukilipata, futa jina la soketi kama lipo, kisha fanya bind. Kufuli hilo ni la lazima. Wapo wanaojaribu kuunganika na kufuta soketi papo hapo wanapokataliwa, wakisahau kwamba kati ya bind na listen soketi iliyo hai nayo hutoa jibu lilelile la kukataa, hivyo nakala mbili za huduma zikianzishwa kwa pamoja, moja inaweza kufuta jina la mwenzake aliyekuwa njiani kuanza kusikiliza.

Faili la kufuli lenyewe lisifutwe kamwe. Likifutwa na kuundwa upya, michakato miwili inaweza kushika kufuli kwenye mafaili mawili tofauti yenye jina moja, na kila mmoja ukaamini kwamba uko peke yake. Kubaki kwake hakuna madhara, maana kerneli huliachia kufuli mara mchakato unapokufa, hata ukifa kwa SIGKILL. Ikiwa kufuli linaonekana kushikwa ingawa mchakato mkuu haupo, tafuta mtoto wake: kufuli la flock hurithiwa kupitia fork, mwito unaozaa mchakato mtoto, na mtoto mmoja aliyesahaulika anatosha kulishikilia. Faili hilo likifunguliwa kwa O_CLOEXEC, angalau programu za nje zinazoanzishwa na huduma hazitaondoka nalo.

Logi inaonyesha kwamba ufutaji umekataliwa

Hapa namba ya kosa ndiyo inayoeleza karibu kila kitu, kwa hiyo kama programu inaandika tu "imeshindwa kufuta" bila sababu, anza kwa kuisahihisha programu hiyo, au ifuatilie kwa `strace -f -e trace=unlink,unlinkat -p` ikifuatiwa na namba ya mchakato, kisha iombe huduma izime.

ENOENT, yaani faili halipo, humshangaza fundi anayeliona faili hilo mbele ya macho yake. Sababu ni chroot. Kama mzizi mpya ni /var/lib/stoo, mchakato unapotaja /run/stoo.sock unachofikia ni /var/lib/stoo/run/stoo.sock, na huko kweli hakuna kitu. Njia nyepesi ni kuiweka soketi ndani ya saraka ya chroot tangu mwanzo na kuzielekeza programu za mauzo kwenye njia hiyo ndefu. Njia nyingine ni kuifungua saraka husika kabla ya chroot, kuhifadhi namba iliyotolewa na kerneli, na baadaye kuita unlinkat kwa namba hiyo pamoja na jina tupu la faili. Inafanya kazi, lakini mimi huipendekeza kwa shingo upande: kwenye Linux, saraka iliyofunguliwa nje ya mzizi mpya ni mlango wa kutokea, kwani aliyeivamia huduma anaweza kupanda kutoka saraka hiyo kwa ".." mpaka kwenye mzizi halisi. Kujenga uzio na kuacha tundu kwa ajili ya kufuta faili moja tupu ni biashara ya hasara. FreeBSD wana mpango bora zaidi katika Capsicum, ambamo saraka iliyofunguliwa huwekewa mipaka ya haki, ikiwemo haki ya kufuta peke yake, na kupanda juu kwa ".." hakuruhusiwi.

EACCES, yaani ruhusa imekataliwa, hutokea zaidi pale mamlaka yameachiwa bila chroot. Kosa la kawaida ni kubadili ruhusa za faili lenyewe. Kufuta faili ni kuiandika upya saraka inayolibeba, hivyo ruhusa inayotazamwa ni ya kuandika na kupita kwenye saraka, na saraka ya /run ni mali ya root. Usiifungue /run kwa watu wote kwa 777. Huo ni mwaliko kwa kila mtumiaji kuweka soketi bandia yenye jina la huduma yako. Tengeneza /run/stoo, imilikishe mtumiaji stoo, na mafaili yote yaishi humo. Kosa likiwa EPERM, yaani tendo haliruhusiwi, badala ya EACCES, angalia kama saraka ina biti ya kunata, kama ilivyo /tmp: ndani yake hufuti faili usilolimiliki, na faili lililoundwa na root kabla ya kuachia mamlaka si lako tena. Hapo chown wakati wa kuanza inatosha.

EROFS, yaani mfumo wa mafaili ni wa kusoma tu, huja baada ya mtu kuongeza `ProtectSystem=strict` kwenye faili la huduma. Mpangilio huo hugeuza karibu mti wote kuwa wa kusoma tu, isipokuwa /dev, /proc na /sys, kwa hiyo /run nayo inafungwa. Suluhisho ni `RuntimeDirectory=stoo`, ambayo huunda /run/stoo na kuiacha iandikike.

Kisha kuna kifo cha ghafla kwa SIGSYS wakati wa kuzima. Dalili yake ni huduma inayofanya kazi vizuri siku nzima na kuanguka inapoombwa kuzima, kwa kuwa huo ndio wakati pekee inapoita mwito wa kufuta. Vichujio vya seccomp, ambavyo ndivyo vichujio vya miito ya mfumo kwenye Linux, huandikwa kwa kuangalia miito inayotumika programu ikiwa kazini, na miito ya mwisho husahauliwa. Wakati mwingine unlink imeruhusiwa lakini maktaba inatumia unlinkat. Jambo hili huwakuta hasa wanaoandika programu kwenye kompyuta za x86-64, ambako unlink ni mwito namba 87 na unlinkat ni 263, kisha wakaihamishia kwenye kikompyuta cha Arm cha 64-biti dukani, ambako mwito wa unlink haupo kabisa na kila ufutaji hupita kwenye unlinkat, namba 35. Logi ya ukaguzi wa kerneli, kwa `ausearch -m SECCOMP`, huonyesha namba ya mwito uliokataliwa. Ruhusu yote miwili.

Kwa anayeendesha OpenBSD, dalili hubadilika kidogo. Huduma iliyoita pledge, mwito wa kuahidi aina ya miito itakayotumika, ulioingia mwaka 2016 katika toleo la 5.9, bila kuomba ahadi ya cpath (ya kuunda na kufuta mafaili), huuawa kwa SIGABRT inapojaribu kufuta. Na iliyotumia unveil, mwito wa kufunua njia zinazoruhusiwa kuonekana, wa toleo la 6.4 la mwaka 2018, hujibiwa ENOENT kwa njia ambayo haikufunuliwa kabisa, au EACCES kwa iliyofunuliwa bila haki ya "c".

Logi haina neno lolote kuhusu usafi

Ukimya una maana kwamba msimbo wa usafi haukufikiwa. Kazi zilizosajiliwa kwa atexit, yaani za kuendeshwa programu inapotoka, haziendeshwi mchakato unapokufa kwa ishara wala unapotoka kwa _exit. Kama SIGTERM haikuwekewa mshughulikiaji, huduma hufa pale ilipo. Wenye mshughulikiaji nao wakumbuke kwamba ndani yake kuna kazi chache tu zilizo salama kuitwa. Unlink imo, kuandika logi kwa printf haimo. Ni bora mshughulikiaji aweke alama tu, na mzunguko mkuu wa programu uione alama hiyo na kuzima kwa utaratibu.

SIGKILL haishikiki na yeyote, na huja kwa njia nyingi kuliko tunavyodhani. Systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, husubiri sekunde 90 kwa kawaida baada ya SIGTERM, kisha huua, Docker husubiri sekunde 10, Kubernetes 30. Huduma inayochelewa kumaliza kuhifadhi mauzo ya mchana ndani ya muda huo itauawa ikiwa katikati ya usafi wake. Kerneli nayo huua mchakato kumbukumbu ya RAM inapokwisha, na ushahidi wake hupatikana kwa `journalctl -k` ukitafuta maneno "Out of memory".

Umeme ukikatika na betri ya akiba ikaisha, hali ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Saraka ya /run huwa tmpfs, inaishi kwenye RAM, kwa hiyo mashine ikiwaka tena inakuwa tupu. Mafaili yanayosumbua baada ya umeme kurudi ni yale ambayo mtu aliyaweka /var/lib au kwenye saraka ya programu. Amri ya `findmnt -T` ikifuatiwa na njia ya faili itakuonyesha liko kwenye mfumo gani.

Ndani ya kontena, huduma inadai kwamba tayari inaendeshwa

Kontena lililosimamishwa na kuwashwa tena hubaki na mafaili yake, na /run ya ndani si tmpfs mpaka uombe iwe hivyo kwa `--tmpfs /run`. Huduma inasoma faili la PID la awali, inakuta namba 1, inauliza kama mchakato namba 1 upo, na bila shaka upo, maana ni yenyewe. Waliotumia Rails wameliona jambo hili kupitia ujumbe wa "A server is already running" unaotaja server.pid. Futa faili hilo katika hati ya kuanzisha, au, ambalo ni bora, acha kutumia faili la PID ndani ya kontena. Msimamizi wa kontena anaujua mchakato wake bila kuandikiwa namba kwenye faili.

Angalia pia jinsi amri ya kuanzisha ilivyoandikwa. Ikipitia `sh -c`, namba 1 inaweza kuwa ganda, ambalo halipitishi SIGTERM kwa mtoto wake, na kila kuzima kutachukua sekunde 10 kamili na kuishia kwa namba 137. Neno `exec` mbele ya amri humaliza tatizo hilo.

Huduma iko hai lakini soketi imetoweka

Dalili hii ni kinyume cha zote zilizotangulia, na ndiyo inayopoteza saa nyingi zaidi. `systemctl status` inasema mambo ni shwari, `ss -xlp` inaonyesha msikilizaji, lakini programu za mauzo zinajibiwa kwamba faili halipo.

Chanzo cha kwanza ni fork. Mtoto hurithi orodha ya kazi za atexit kutoka kwa mzazi. Akimaliza kazi yake ndogo na kuita exit, anaendesha usafi wa mzazi na kufuta soketi inayotumika. Mtoto atoke kwa _exit, na kazi ya usafi ilinganishe getpid na namba iliyohifadhiwa mwanzoni kabla ya kufuta chochote. Jambo la kuzingatia ni kwamba mara nyingi uzio ndio ulioficha kosa hili kwa miaka, kwa kuwa mtoto hakuwa na ruhusa ya kufuta. Siku fundi anaporekebisha ruhusa za saraka kwa nia njema, soketi inaanza kutoweka, na lawama huenda kwenye marekebisho hayo.

Chanzo cha pili ni kupishana wakati wa kuanzisha upya. Mchakato mpya unafuta jina la zamani na kuunda lake, halafu mchakato wa zamani, uliokuwa bado unamalizia, unafika kwenye usafi wake na kufuta jina ambalo sasa si lake. Kulinganisha namba ya inodi, yaani utambulisho wa faili lenyewe bila kujali jina, kabla ya kufuta hupunguza hatari, ila kati ya kulinganisha na kufuta hubaki mwanya mdogo. Kama huduma inafanya usafi inapoanza kwa namna iliyoelezwa juu, ule wa mwisho unaweza kuondolewa wote, na ndivyo ningefanya.

Soketi ipo upande wa seva, kontena jirani haliioni

Hapa `RuntimeDirectory=` yenyewe ndiyo chanzo. Systemd huiondoa saraka hiyo huduma inaposimama, na kuiunda upya inapoanza. Kontena lililopachikiwa /run/stoo linaendelea kuiangalia saraka ya zamani iliyokwisha kufutwa. Weka `RuntimeDirectoryPreserve=yes` ili saraka idumu, na usafi wa mafaili yaliyomo ubaki kwa huduma inapoanza.

Mpangilio unaoondoa vyanzo vingi kwa pamoja

Penye systemd, ipe kazi hiyo systemd, kwa sababu yenyewe iko nje ya uzio na haifi pamoja na huduma:

```
[Service]
User=stoo
ExecStart=/usr/local/sbin/stoo
RuntimeDirectory=stoo
RuntimeDirectoryMode=0750
PrivateTmp=yes
ProtectSystem=strict
```

Mafaili ambayo huduma inayaweka /tmp huondolewa inaposimama, kwa ajili ya PrivateTmp, na faili la PID halihitajiki ikiwa huduma haijipeleki yenyewe nyuma. Ikiwa ni lazima lifutwe faili lililo nje ya saraka hizo, tumia `ExecStopPost=+/bin/rm -f` pamoja na njia kamili ya faili; alama ya kujumlisha huiendesha amri hiyo kwa mamlaka kamili, na mstari huo hutekelezwa hata huduma ilipouawa. Unaweza pia kuiachia systemd ifungue soketi kupitia stoo.socket, ambapo huduma hupokea soketi iliyo tayari bila kulijua hata jina lake, na `RemoveOnStop=yes` ikalifuta jina kitengo cha soketi kinaposimamishwa.

Pasipo na systemd, gawa huduma mara mbili: mzazi mdogo mwenye mamlaka anayebaki nje, na mtoto aliyefungiwa anayezungumza na wateja. Mzazi humsubiri mtoto kwa waitpid, na mtoto akifa kwa namna yoyote ile, mzazi hufuta. OpenSSH imetumia mgawanyo wa namna hiyo tangu mwaka 2002. Kwa mafaili ya muda yasiyohitaji jina, usiyape jina: O_TMPFILE, iliyokuja na Linux 3.11, na memfd_create ya 3.17 hutoa faili linalotoweka lenyewe anapokufa wa mwisho kulishika. Soketi dhahania za Linux, zinazoanza kwa baiti ya sufuri, nazo hazina faili la kufutwa, lakini hazina ruhusa za faili pia, kwa hiyo kila mchakato ulio katika eneo lilelile la mtandao unaweza kugonga hodi. Kwa duka lenye mashine inayotumiwa na watu wengi siipendekezi.

Baada ya marekebisho, jaribu kwa ukali unaolingana na hali halisi: `systemctl kill -s KILL stoo` kisha washa, `systemctl restart stoo` mara kadhaa mfululizo wakati mauzo yanaendelea, na mwisho chomoa waya wa umeme wa mashine ya majaribio. Kila mara angalia mambo mawili tu, kama `ss -xlp` inaonyesha msikilizaji mmoja, na kama `nc -U` inaunganika kwa kutumia akaunti ileile inayotumiwa na programu za mauzo, maana root huunganika hata pale ambapo wengine wanakataliwa.